Chelezo Ndani ya Ngumi

Ukitembea ukingoni mwa mto Trent siku ya mashindano, kuna jambo utaliona hata kama hujawahi kushika ufito wa kuvulia. Kila unapomkaribia mvuvi kwa nyuma, anauvuta mshipi wake juu, anakidaka chelezo, kile kijiti kinachoelea na kuonyesha samaki akila, anakifumbata mkononi, halafu anakutazama kama mtu anayesubiri basi. Muulize habari za samaki, atakwambia hakuna kitu, leo mto umekufa. Ukishapita na hatua zako zikapotea, anafumbua mkono na kukirudisha chelezo majini. Wote hufanya hivyo. Wengine kwa mzaha, wengine kwa mazoea tu, kwa kuwa ndivyo walivyowaona baba zao.

Horace Beardall hakufanya kwa mzaha. Yeye alikuwa na masikio ya ajabu, akisikia kiatu kwenye majani kabla wewe mwenyewe hujajua umekanyaga. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Vile viwili vya mwisho vilichukuliwa na msumeno wa kiwanda cha mbao alipokuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo ngumi yake haikufunga sawasawa, na ukiwa na macho makali uliweza kuona kitu chekundu kikichungulia pale pengoni, kidogo tu, kama kipele. Sisi wa klabu ya wavuvi ya mtaa wa Gedney, hapa Nottingham, tulimwita Ngumi. Tulimtania kwamba mle ndani hamna chelezo, kuna jino la dhahabu la bibi yake. Hakucheka hata siku moja.

Na mle ndani, kusema kweli, kulikuwa na kitu cha maana kuliko dhahabu ya bibi wa mtu yeyote.

Mwaka ule wa elfu moja mia tisa arobaini na tisa, chelezo kilikuwa kitu cha kuokota. Mtu alitumia unyoya wa bata bukini kwenye maji yaliyotulia, na kizibo cha chupa kilichochongwa kidogo mto ukijaa, basi, biashara imekwisha. Lakini Trent si bwawa. Maji yake yanakwenda huku yakijizungusha, yanachemka kutoka chini, na samaki wenye mapezi mekundu wa mto ule wana adabu za kifalme: chambo kikiwapita mbio, hawakigusi. Wanataka kije polepole, kitangulie mbele ya mshipi, kana kwamba hakijafungwa na mtu. Ili kije polepole lazima ukizuie chelezo kwa mshipi, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Ukikizuia chelezo cha unyoya, kinalala ubavu na kukimbilia ukingoni. Cha kizibo kinapanda juu ya maji na kukiinua chambo hadi mahali ambapo hakuna samaki mwenye akili.

Horace alikuwa amelala na kuamka na jambo hilo kwa miaka miwili. Alikuwa mseja bado, akiishi na mama yake na dada yake Doreen katika nyumba ya matofali yenye choo cha nje. Akitoka kiwandani alikaa uani mbele ya pipa la maji ya mvua, akitumbukiza vijiti. Mama yake alimwambia waziwazi kwamba wanaume wa rika lake walikuwa wanatafuta wake, yeye anatafuta vijiti. Horace alikubali kwa kichwa na kutumbukiza kingine.

Jibu lilikuwa ukutani kwa mama yake mwenyewe. Kilikuwa pale kipigio cha mazulia, cha henzirani nzuri ya kizamani, ile fimbo nyumbufu ya kusukia viti, kilichopiga mazulia ya nyumba ile na makalio ya watoto wa nyumba ile kwa miaka ishirini. Henzirani ile ilikuwa nzito, ukiitupa majini ilitaka kuzama. Horace alikata kipande chake kirefu kama kidole, akakiunga juu yake kipande cha mti wa balsa, ule mwepesi ambao watu hutengenezea ndege za kuchezea. Chini mzito, juu mwepesi. Akakichonga kiwe chembamba chini na kinene kidogo mabegani. Akakitia pipani, akabana kwenye mshipi chubwi ndogondogo za risasi, kama punje za mtama, akizipanga moja moja kuanzia juu hadi chini kama vifungo vya shati. Chelezo kilisimama wima. Alipouvuta mshipi, hakikulala wala hakikupanda. Kiliinama kidogo tu, kama mtu anayesalimia, kikabaki palepale.

Doreen alikuwa na miaka kumi na saba, amekaa mlangoni akipaka kucha zake rangi nyekundu ambayo mama alikuwa amempiga marufuku kuipaka. Horace alimwonyesha. Alimwambia kimebaki kitu kimoja, kichwa kionekane mbali, maana chelezo kizuri hakionyeshi juu ya maji zaidi ya punje moja ya mchele. Doreen alikichukua mkononi mwake, akachovya brashi yake ndogo kwenye chupa, akakizungusha taratibu na kukitia nukta nyekundu kichwani.

"Haya," alisema, "sasa na chenyewe kimependeza. Mama akituua, tutazikwa pamoja."

Mama aliwaua kweli, maana kipigio chake kilikuwa kimebaki mpini tu. Lakini kutoka kwenye henzirani ile Horace alipata vyelezo thelathini na kimoja, na kila kimoja Doreen alikipaka kichwa kwa rangi ya kucha zake. Alimwapisha dada yake asimwambie mtu. Doreen aliapa huku akicheka.

Msimu ule Horace alishinda mashindano manne. Msimu uliofuata, saba. Na kila mtu alipopita nyuma yake, ngumi ilifungwa. Tulimwomba, tukamnunulia bia, tukajaribu kumvizia kwa kutambaa kwenye nyasi kama wanajeshi. Mzee Gadsby, katibu wetu, alimwambia mbele ya watu kwamba kama anakiogopea hivyo, aandike kwenye karatasi alichobuni na kuifungia kwenye kabati la klabu, siku moja itamfaa. Horace alisema karatasi husomwa. Hilo lilikuwa kosa la maisha yake, na alilifanya akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

Sasa ngoja nikuletee Cyril Oldknow. Cyril alikuwa mtu wa kupendwa, sitamnyima haki yake. Alikuwa na meno mazuri na sauti ya kujaza ukumbi, na alijua jina la mke wako na la mbwa wako. Kuvua ndiko alikokuwa hajui. Alitumia chelezo kikubwa kama karoti, akifuga mabuu ya chambo kwenye kopo na kuyasahau mpaka yakawa nzi. Alikuja klabuni kwa ajili ya maongezi, na baadaye kwa ajili ya Doreen. Walioana mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa Juni, na Horace, kwa kuwa baba yao alikuwa amekwisha kufariki, ndiye aliyemshika Doreen mkono kumpeleka kanisani.

Zawadi aliyompa shemeji yake ilikuwa kopo la sigara lenye vyelezo sita. Doreen alilia alipoviona. Jumapili iliyofuata Horace alimpeleka Cyril mtoni asubuhi, wakiwa wawili tu, akamkalisha kwenye kigingi kizuri, ndivyo tunavyoita mahali pa kukaa mvuvi, karibu na mierebi, akafungua mkono wake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alifungua mkono mbele ya mtu mwingine zaidi ya dada yake. Alimweleza kila kitu. Chelezo hiki ni cha siku ya upepo wa kupanda mto au wa mgongoni. Upepo ukishuka na maji, kiache ndani ya kopo, kitakuaibisha. Funga kwa mpira juu na kwa mpira chini. Ongeza chubwi mpaka kichwa kikaribie kuzama, halafu ondoa moja. Kizuie, kiachie, kizuie tena, na samaki akila utakiona kimetoweka kama hakikuwapo. Cyril hakuwahi kusikiliza jambo lolote kwa makini vile. Kufika saa sita alikuwa na samaki wengi kuliko aliowavua mwaka mzima.

"Usimwonyeshe mtu," Horace alimwambia.

"Shemeji," Cyril alisema, akiweka mkono kifuani, "nikimwonyesha mtu nife maji."

Alikufa kitandani, miaka thelathini na moja baadaye.

Habari ilimfikia Horace kazini, saa ya chai, mwaka wa hamsini na nane. Mwenzake mmoja wa pale kwenye misumeno alikuwa na gazeti la wavuvi, akalikunjua juu ya mbao, na katikati ya ukurasa alikuwepo Cyril Oldknow, meno yote nje, amenyoosha kiganja wazi kabisa kuelekea kamera. Juu ya kiganja kilikuwa kimelala chelezo. Chini mzito, juu mwepesi, kichwa chekundu. Maandishi yalisema kwamba bingwa huyu wa Nottingham amebuni chelezo kipya cha mito mikubwa, sasa kinatengenezwa kiwandani na kinapatikana dukani kwake na kwingineko, kwa jina la Oldknow. Mwenzake alimwambia amtazame shemeji yake alivyo na akili, kumbe familia yenu mna vichwa. Horace alirudi kwenye msumeno. Aliniambia baadaye kwamba ilibidi azime mashine kwa sababu macho yake yalikuwa bado kwenye lile gazeti, na vidole vilivyobaki alikuwa anavihitaji.

Jioni ile alikwenda dukani kwa Cyril, duka jipya la vifaa vya uvuvi lenye kengele mlangoni. Vyelezo vilikuwa kwenye kadi, vimepangwa kwa ukubwa, dazeni kwa dazeni. Cyril hakukimbia wala hakukana. Alimvutia kiti. Alisema angemwambia, kila siku alikuwa anataka kumwambia, mambo yalikwenda haraka. Alisema kitu kizuri kama kile ilikuwa dhambi kukizika ndani ya ngumi ya mtu mmoja.

"Ni changu, Cyril," Horace alisema.

"Najua mimi na unajua wewe, shemeji. Lakini watu watauliza. Ulimwonyesha nani?"

Horace alihesabu kichwani. Miaka tisa ya mashindano, wanaume sitini wa klabu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona. Alikuwa amehakikisha mwenyewe. Alisimama pale katikati ya duka, kengele ikilia kila mteja alipoingia, na wateja wakimpongeza Cyril.

Alikwenda klabuni. Mzee Gadsby alimsikiliza, na alimsikiliza vizuri, alikuwa mtu wa haki. Akauliza swali lile lile. Nani alikiona? Tuliitwa mmoja mmoja tukaulizwa, na mimi nikiwemo, na sote tulisema ukweli: tuliona ngumi. Wengine tuliona kitu chekundu. Basi mmoja wetu, sitamtaja, alisema kwamba labda Ngumi alikuwa anaficha chelezo cha Cyril miaka yote ile, na ndiyo maana ameumia sasa kimetoka. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Mzee Gadsby alifunga kitabu chake na kusema hakuna la kuandika.

Alibaki shahidi mmoja duniani, na shahidi huyo alikuwa jikoni kwa Cyril Oldknow akimenya viazi. Horace alimkuta amevaa aproni, kisu mkononi, kucha zake nyekundu zimelowa. Hakumwomba mengi. Alimwomba aende siku moja klabuni aseme maneno mawili: nilivipaka mimi. Doreen aliendelea kumenya. Alimenya kiazi mpaka kikawa kidogo kama jiwe la pete.

"Usinitie katikati, kaka," alisema. "Ninalala naye mimi, si wewe."

Horace alichukua kofia yake. Tangu siku ile hakukanyaga nyumba ile kwa miaka ishirini na sita.

Wakati huo alikuwa ameshaoa. Mavis alitoka kiwanda cha soksi, mwanamke mfupi mwenye ulimi kama wembe, na alimpenda Horace kwa namna yake, yaani kwa kumsema. Alimwambia kila Krismasi kwamba mtu mwenye akili angekuwa anakula bata mzinga kwa Doreen, lakini yeye ameolewa na ngumi. Alipoona chelezo cha Oldknow kwenye dirisha la duka la mtu mwingine mjini, alitemea kioo mate, mchana kweupe, mpaka mwenye duka akatoka nje. Hilo Horace alilisimulia kwa fahari hadi uzeeni. Mama yao alipofariki mwaka wa sitini na nne, ndugu hao wawili walikaa kwenye mabenchi mawili tofauti kanisani, kila mmoja na upande wake, na jeneza katikati. Kiwanda cha mbao kilifungwa. Mavis aliugua mapafu, akafa mwezi wa Februari, na Doreen hakuja kuzika, alituma maua.

Horace aliendelea kuvua. Hakununua Oldknow hata kimoja. Kila kilipokatika chelezo kimoja cha henzirani ya mama yake kwenye mizizi au kuchukuliwa na samaki mkubwa, alirudi nyumbani kama ametoka msibani. Vingine angeweza kuvichonga, mikono ilikuwa ipo, lakini hakutaka. Alisema vikichongwa sasa, vitakuwa vya kuiga. Kufika miaka ya themanini kilikuwa kimebaki kimoja. Na kila hatua iliposikika nyuma yake, bado alikifumbata. Sote sasa tulikuwa navyo vyelezo vile, dunia nzima ya wavuvi ilikuwa navyo, na mzee huyu alikuwa bado anakificha. Vijana wa klabu walidhani amechanganyikiwa.

Cyril alikufa mwaka wa themanini na nne, moyo, usingizini. Gazeti lilimwandika kurasa mbili. Wiki tatu baada ya mazishi, ambayo Horace hakuhudhuria, kulibishwa hodi mlangoni kwake. Alikuwa Doreen. Alikuwa amezeeka, mwili umepungua, koti limemzidi. Alikaa jikoni kwa Horace bila kuvua kofia, akanywa chai, akatazama ukuta. Horace alikuwa ameutundika pale ule mpini wa kipigio cha mazulia, uliobaki. Doreen aliutazama kwa muda mrefu.

Alimwambia kwamba klabu inataka kuanzisha kombe la kumbukumbu, Kombe la Oldknow, mwezi wa Oktoba, na yeye ndiye atakayelikabidhi na kusema machache. Alisema Cyril alikuwa mume mzuri na hatamsema vibaya kaburini. Lakini amechoka. Kila alipokiona kile kichwa chekundu kwenye kadi, aliona uani kwao.

"Nitasema, kaka," alisema. "Siku ile, mbele ya wote. Nitasema nilivipaka mimi na ulivichonga wewe. Basi."

Horace alimjazia kikombe chai ya pili, na alipokuwa anamimina, nusu ilikwenda kwenye kisahani.

Miezi ile ya kungoja nilimwona Horace Beardall akiwa mtu mwingine. Alinyoa vizuri. Alinisalimu kwanza. Alinieleza habari nzima tangu mwanzo, ndivyo nilivyoijua, na aliponimalizia alisema anataka kushinda hilo kombe. Si kwa ajili ya kombe. Alitaka Doreen akiwa anasema maneno yake, yeye awe amesimama pale pembeni yake, si nyuma ukumbini miongoni mwa makoti.

Oktoba ikafika. Tulipiga kura ya vigingi kama kawaida, mkono ndani ya mfuko, na Horace alitoa namba kumi na nne, mahali pa wastani, maji ya kina cha mtu mzima na mkondo ulionyooka. Upepo ulikuwa wa kupanda mto, laini. Alipousikia shavuni alitabasamu. Alifungua kopo, akatoa kile chelezo cha mwisho. Rangi yake ilikuwa imepasukapasuka, lakini haikuwa imetoka. Alikifunga mpira juu na mpira chini, akapanga chubwi zake kama vifungo vya shati, akaondoa moja.

Nilikuwa kigingi cha kumi na tano, na sikuvua sana, niliangalia. Alirusha mabuu machache juu kidogo ya mkondo, kila mara, machache, bila haraka. Chelezo kilikwenda, akakizuia, kikainama, akakiachia. Kikatoweka. Akainua ufito, samaki. Tena. Tena. Alikuwa na miaka sitini, na mkono ule wa vidole vitatu ulishika mshipi kwa ulaini ambao sijauona kwa mtu mwenye vyote kumi. Saa ya pili watazamaji walianza kushuka ukingoni. Nilisikia hatua zao, naye alizisikia kabla yangu. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye mshipi. Halafu ukarudi. Akakiacha chelezo majini, kichwa chekundu juu ya maji, mbele ya macho ya kila mtu. Watu walisimama nyuma yake wakamtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tano hakuficha chochote.

Walipopima, wavu wake ulikuwa na ratili kumi na tisa na nusu. Wa pili alikuwa na kumi na moja. Samaki walirudishwa mtoni, tukaenda ukumbini.

Ukumbi ulijaa. Picha kubwa ya Cyril, ile ile ya kiganja wazi, ilikuwa imetundikwa juu ya jukwaa. Kulikuwa na wavuvi wa miji mingine, mtu wa gazeti, wajukuu wa Cyril mstari wa mbele wamechanwa nywele. Horace aliitwa jina lake, Horace Beardall, si Ngumi, akapanda jukwaani katika koti alilozikia mke wake. Doreen alisimama na kombe mikononi. Kucha zake zilikuwa zimepakwa. Nyekundu ile ile. Nilipoziona nilijua atasema, ningeapa kwa chochote.

Alisogea kwenye maikrofoni. Alimtazama Horace, akawatazama wajukuu, akaitazama ile picha.

"Cyril angefurahi leo," alisema. "Kombe lake limebaki nyumbani. Kaka yangu Horace alikuwa mtu wa kwanza kabisa kukiamini chelezo cha mume wangu, wakati hakuna mwingine aliyekijua. Miaka yote alikitunza kama siri. Naona ni haki alichukue yeye."

Makofi yalilipuka. Watu walisimama. Wazee wa klabu waliitikia kwa vichwa, wakielewa hatimaye kile alichokuwa anakificha, na mmoja nyuma yangu alifuta machozi. Doreen alimkabidhi kombe, na alipoinama kumbusu shavuni, maikrofoni ilikuwa karibu kuliko alivyodhani, na sisi wa mbele tulisikia.

"Wanampenda sana, kaka," alinong'ona. "Ningeanzia wapi?"

Horace alilipokea kombe. Mtu wa gazeti alimwomba aonyeshe chelezo alichotumia, akishike kwenye kiganja kama vile Cyril pale juu, ili picha mbili ziende pamoja. Horace alitia mkono mfukoni. Aliutoa ukiwa umefungwa, na hakuufungua. Alisimama hivyo mpaka mpiga picha akachoka, akapiga ya kombe peke yake.

Kombe aliliacha kwenye kiti, jioni ile ile, na hakuna aliyemfuata kumrudishia mpaka kesho yake. Mimi ndiye niliyelipeleka. Hakufungua mlango, nikaliweka kizingitini, na nilipopita tena siku nyingine lilikuwa palepale, limejaa maji ya mvua.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mtoni, peke yake, karibu na ile mierebi alikomkalisha Cyril. Nilisimama mbali kidogo, nikaona haya kwenda. Kijana mmoja, mgeni mahali pale, alikuwa anakuja njiani na fito zake begani. Horace alimsikia. Akauvuta mshipi, akakidaka chelezo, akakifumbata, akatazama mbele. Kijana alipofika alipunguza mwendo, akachungulia ile nukta nyekundu pale pengoni palipokosa vidole viwili, akacheka kwa upole. Alikuwa kijana mwenye adabu, hakukusudia baya.

"Usijisumbue kukificha, mzee," alimwambia. "Hiyo Oldknow, kila mtu anayo."

Akapita zake. Horace alibaki amefunga mkono, hatua za kijana zikaenda zikapotea kabisa, na alikuwa bado hajaufungua nilipoondoka.